Doreen Sugden, Mpiga Taipu Aliyevaa Joho la Uwakili

Marehemu Doreen Sugden alizaliwa Halifax, Yorkshire, tarehe 9 Februari 1950, kifungua mimba wa Mzee Wilfred Ackroyd na Bi. Edna, wafanyakazi wa kiwanda cha sufu.

Aliacha shule Julai 1966, akaajiriwa kupiga taipu katika ofisi ya mawakili. Mwaka 1972 aliolewa na Clifford, fundi wa mabasi, wakajaliwa Lorna na Neil. Kwa miaka sita Clifford alibaki na watoto huku mkewe akienda masomo ya jioni, hadi akapata shahada ya sheria mwaka 1984. Viazi viliungua kila Jumanne, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mdogo wa marehemu, Beryl, anayewasomea haya.

Ukafuata mwaka wa mafunzo London, pamoja na milo ya ukumbini na mawakili wakongwe, asiyeitimiza haapishwi. Siku ya kwanza kijana mmoja alimkabidhi sahani chafu.

“Kaa nayo, mwanangu,” Doreen akamwambia. “Mimi nami nimekuja kula.”

Aliapishwa Novemba 1985. Lakini bila mwaka wa uanagenzi chini ya wakili mzoefu, mtu hapati kibali kamili cha uwakili, naye alikataliwa na ofisi thelathini na nne. Alilia mara moja tu, jikoni kwa mama. Ofisi ya thelathini na tano, huko Leeds, ilimuuliza, “Mama, una miaka thelathini na saba. Huoni umechelewa?”

“Nimepiga taipu hoja za wenzenu miaka kumi na minane. Sasa nataka kusema zangu.”

Walimchukua Oktoba 1987. Miezi sita ya kwanza mwanagenzi husikiliza tu; sita ya pili huruhusiwa kusimama mahakamani. Kwa Doreen kusikiliza tu kulikuwa adhabu. Aprili 1988 alisimama Huddersfield kumtetea mama aliyetaka kurudishiwa wanawe. Sauti haikutetemeka. Watoto walirudi nyumbani. Ofisi ikampa nafasi ya kudumu, akafunza wanagenzi kumi na mmoja, wengi wao wakiwa wamekwisha kukataliwa kwingine.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Juni 2018. Nasreen, mwanagenzi wake wa mwisho, alikuja kumjulia hali.

“Mama, nami nimepewa mwanagenzi!”

“Usimwonee.”

“Mbona wewe ulinionea?”

“Ndiyo maana nakwambia.”

Alifariki nyumbani tarehe 3 Machi 2019, mkono wake mkononi mwa Clifford.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne na mdogo wake. Pumzika salama, dada; umesimama vya kutosha.