Ufunguo Unaoingia Usigeuke

Siku ya nne bila kahawa, Kitasa, fundi wa kufuli, alifika kijiweni akitembea taratibu kama mtu aliyebeba maji kichwani. Benchi lilikuwa palepale, kati ya kibanda chake na meza ya Sindano, fundi cherehani. Shoti, fundi umeme, alishafika kikombe cha tatu. Mama Birika, muuza kahawa, alikuwa amefunga sanduku lake la kahawa kwa kufuli, maana wateja wake walikuwa na mikono mirefu. Zamani Kitasa aliwashinda wote: vikombe kumi kwa siku, hadi vidole vikawa vinatetemeka na kazi ndogondogo zikamshinda. Ndipo mkewe alipomwambia waziwazi: mjukuu wetu wa kwanza analetwa Jumamosi, na kwa mikono hiyo wewe utamtazama tu. Jumamosi yenyewe ndiyo leo.

— Nikumiminie, shemeji? aliuliza Mama Birika.

— Hapana. Kichwa kinagonga kama kuna mtu amefungiwa humo, lakini hapana.

— Hujaenda kutibiwa? aliuliza Shoti.

— Nimekwenda. Muuguzi anasema ubongo ukifanya kazi, inajikusanya kemikali inayozipelekea seli habari kwamba zimechoka. Kila seli ina vipokezi kwa nje, vidogo mno. Kemikali ikiingia kwenye kipokezi, seli inapunguza mwendo, na wewe unaanza kusinzia.

— Na kahawa?

— Kahawa inafanana na hiyo kemikali. Inawahi kipokezi, inakaa. Habari ya uchovu ikifika, inakuta pamejaa.

Sindano aliacha kushona.

— Yaani siku zote hizi hatupati nguvu. Tunazuia barua ya uchovu tu.

— Sasa seli nayo si mjinga, alisema Kitasa. Ukiizuia kila siku, inaongeza vipokezi. Siku ukiacha kahawa vyote viko wazi, uchovu unaingia kwa mkupuo. Ndiyo hiki kichwa. Kinatulia chenyewe baada ya siku kadhaa.

— Muuguzi amekuonea huruma, hakukwambia ukweli, alisema Shoti. Kahawa ilikuwa fyuzi yako. Umeichomoa, waya zinaungua.

— Waya gani, alisema Sindano. Seli zake zimegoma. Hakuzipa hata notisi.

— Mimi naona zimenuna, alisema Mama Birika. Zinataka kuombwa radhi kwa kikombe kimoja.

— Basi mmwagie utosini, alisema Shoti. Vipokezi vimeshikwa na mizizi ya nywele. Ndiyo maana wenye vipara hawasinzii.

Sindano, mwenye kipara, alisema yeye husinzia hata akiwa amesimama. Wakacheka, na Kitasa akacheka nao akiwa ameshika kichwa.

— Ngojeni niwaonyeshe, alisema.

Alitoa mfukoni ufunguo ambao haujachongwa meno, akauingiza kwenye kufuli la sanduku la Mama Birika.

— Huu ndio kahawa. Umeingia, umekaa, lakini haugeuki. Ule wenye meno ungegeuka, ukasukuma ulimi wa kufuli ulio ndani. Na seli ni hivyo hivyo: kemikali inaishia mlangoni, ila ndani kuna protini zinazopokezana habari mpaka kazi inafanyika.

— Haugeuki kwa sababu hujausukuma, alisema Shoti. Akaukamata kwa koleo lake, na mkono wake wa vikombe vitatu ukaruka. Ufunguo ukakatikia ndani.

Kahawa ya birikani ilikuwa imeshakwisha, na iliyobaki yote ilikuwa ndani ya sanduku.

— Shoti, alisema Mama Birika kwa upole wa kutisha, nenda kasimame kule.

Kitasa alileta waya wake mwembamba wenye ndoano. Mwezi uliopita kazi kama hii ilimshinda, akampelekea fundi mwenzake kwa aibu. Alipiga goti, akapitisha waya pembeni ya kipande, akasubiri. Kichwa kiligonga. Vidole havikutikisika. Akavuta kidogo, akavuta tena, kipande kikatoka.

Alikitazama muda mrefu kuliko kilivyostahili.

Mama Birika alifungua sanduku, akachemsha, akammiminia Kitasa kikombe cha kwanza.

— Cha bure, shemeji. Umekistahili.

Harufu ilimfikia. Kitasa akakipeleka kikombe kwa Shoti kule alikosimamishwa.

Ndipo binti wa Kitasa akatokea amebeba mtoto aliyelala. Akawaamkia, akauliza wanabishania nini, na Shoti, Sindano na Mama Birika wakamweleza kwa pamoja: kazi inaleta kemikali, kemikali inaingia kwenye kipokezi, protini zinapokezana habari, mtu analala. Binti alisikiliza mpaka mwisho.

— Sasa huyu hajafanya kazi yoyote tangu azaliwe, alisema. Mbona analala kutwa?

Shoti akarudi kwenye kikombe chake. Sindano akashika mkasi bila kitambaa cha kukata. Mama Birika akatazama ndani ya birika.

Kitasa hakuwa hata akisikiliza. Alikuwa amenyoosha mikono, na binti, baada ya kuitazama mara mbili, akamwekea mtoto. Akaketi naye polepole kwenye benchi, wala blanketi halikutikisika.