Mama Gramu Aliyegoma Kuagwa

Mama Gramu, muuguzi wa kliniki ya watoto, amestaafu rasmi Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita baada ya kukitumikia kituo chetu cha afya kwa miaka thelathini na minne. Hivyo ndivyo barua yake ya kustaafu inavyosema. Ukweli, ambao barua haikuwa na nafasi ya kuueleza, ni kwamba alitumikia miaka thelathini na minne na wiki nne, na hizo wiki nne za mwisho alizifanya akiwa si mfanyakazi wa mtu yeyote, amekaa kwenye benchi pamoja na akina mama, kadi ya foleni mkononi. Sherehe mliyoikalia leo iliahirishwa mara mbili kwa sababu yake. Keki ya kwanza tuliila wenyewe. Ya pili tuliila pia, na hatumwombi mtu radhi.

Alianza kazi akiwa karani wa mapokezi. Lakini karani huyu alikuwa na tatizo moja: mtoto akipita mbele ya dirisha lake, kalamu inaanguka, karani anatoka kwenda kumbeba. Foleni ikawa haiendi. Mkuu wa wakati ule, baada ya kuvumilia mwaka mzima, aliona afadhali ampeleke akasomee uuguzi kuliko kumfukuza. Aliporudi alipewa chumba cha kupimia, kile chenye dirisha moja na mlango unaofunguka kwa kusukumwa na nyonga, na hakutoka tena. Mara tatu alipandishwa cheo ili ahamie ofisi za juu. Mara zote tatu alikipokea cheo na kuikataa ngazi.

Jina la Mama Gramu alipewa na akina mama wa foleni. Mtoto akiongezeka gramu mia moja, ambazo ni kama ndizi moja iliyomenywa, yeye hupiga kigelegele kinachofika hadi maabara. Zamani mtaalamu wetu wa maabara alikuwa akitoka mbio akidhani kumetokea jambo. Siku hizi hainui hata kichwa, anaandika tu pembeni ya daftari lake: mmoja kapanda.

Wengi wenu mnakumbuka siku ya mgeni rasmi. Mheshimiwa yule alitaka apigwe picha akiwa amembeba mtoto, akabeba, akatabasamu, na mtoto naye akafanya yake kwenye suti ya kijivu mbele ya kamera. Sisi tulitafuta pa kujificha. Mama Gramu alimchukua mtoto, akampima upya, akaandika kwamba uzito umepungua gramu mia moja, na kwenye safu ya sababu akaandika kwa mwandiko wake mzuri: mgeni rasmi. Kadi hiyo ipo, na mwenyewe sasa yuko sekondari.

Yeye ndiye aliyeanzisha Darasa la Sufuria, kila Jumatano nyuma ya stoo, kwa jiko moja na sufuria iliyobonyea upande. Sheria yake ni moja. Uji wa mtoto ukiuchota lazima ukae kwenye kijiko. Ukichuruzika kama maji ya kunawa, umemtibu kiu, njaa bado iko palepale. Akina baba nao waliitwa kwa lazima. Kuna fundi magari mmoja alikuja amenuna, mikono ndani ya mifuko, na baada ya wiki tatu akawa anawasahihisha akina mama namna ya kusaga karanga. Walikaribia kumpiga.

Sasa naja kwenye zile wiki nne, na hapa namwomba mkuu wa kituo ameze kwanza alichonacho mdomoni.

Kabla ya kustaafu, Mama Gramu alipewa likizo yake ya mwisho, na chumba cha kupimia akaachiwa mwandishi wa wasifu huu, yaani mimi, muuguzi mwenzake. Ile suruali ya kupimia, ambayo mtoto huvalishwa na kutundikwa kwenye mizani, ilikuwa imechanika, nikaletewa mpya ya turubai, nzuri, ya bluu, yenye mikanda mipana. Nikaitundika kwa raha zangu. Nilichosahau ni kuurudisha mshale kwenye sifuri, maana suruali mpya ilikuwa nzito kuliko ile ya zamani kwa gramu mia mbili. Jamani! Wiki tatu nzima watoto wote wa kliniki walinenepa. Nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Nilijiona nina mkono wa baraka. Kuna siku nilimwambia mtu wa maabara kwamba labda Mama Gramu alikuwa anatuchelewesha tu.

Miongoni mwa hao walionenepa alikuwamo binti wa miezi kumi ambaye kituo kizima kinamwita Pilipili, kwa udogo wake na kwa ukali wake. Mama yake ni fundi cherehani, hushinda kazini, na mtoto hushinda na bibi yake. Pilipili alikuwa na uzito mdogo tangu mwanzo, kilo sita na gramu mia mbili, na ndiyo maana alikuwa akipimwa kila wiki. Kwenye mizani yangu akasoma kilo sita na mia tatu. Nikampongeza bibi, nikamwambia aendelee hivyohivyo.

Siku Mama Gramu alipokuja kukabidhi funguo, alimkuta bibi kwenye benchi, akampokea Pilipili amsalimie tu. Hakumaliza hata salamu. Alimpandisha, akamshusha, akampandisha tena, kisha akaingia chumbani akiwa naye. Mizani ilikuwa inaning'inia na suruali tupu, na mshale umesimama kwenye mia mbili kana kwamba kuna mtoto ndani asiyeonekana. Pilipili alikuwa na kilo sita na mia moja. Alikuwa anapungua wakati mimi nashangilia. Utepe wa kupimia mkono ulikuwa kwenye njano, umebakiza uzi tu kuingia nyekundu, rangi ya utapiamlo mkali.

Nilitaka ardhi ipasuke. Mama Gramu hakunifokea. Alisema mficha maradhi kifo humuumbua, akaniamuru nilete daftari. Watoto wote sitini na mmoja wa zile wiki tatu tuliwaita na kuwapima upya kwa siku mbili, na kila mzazi aliambiwa ukweli. Kwenye taarifa aliandika kwamba tumekosea. Nimeisoma taarifa hiyo mara nyingi. Hakuna mahali alipoandika jina langu, kwa hiyo nasema mwenyewe leo, mbele yenu: aliyekosea ni mimi, si sisi.

Watoto sitini walikuwa salama. Aliyebaki ni Pilipili, na daktari alimchunguza asione ugonjwa wowote. Ijumaa ya kustaafu ikafika, keki ikaja, mwenyewe akagoma. Alisema hawezi kuagwa huku kadi ya mtoto inashuka. Atakubali siku ile mstari wake utakapopanda wiki mbili mfululizo. Jumatatu alikuja amevaa gauni lake la maua, akachukua kadi ya foleni, akakaa na bibi. Mkuu wa kituo alimkumbusha kwamba amestaafu. Alijibu kwamba ndiyo maana hajaingia ofisini.

Tulikwenda nyumbani kwa Pilipili, yeye na mimi, asubuhi, saa ya chakula. Ni chumba kimoja cha mbele chenye kitanda, meza ya cherehani na picha ya harusi. Bibi alikuwa anampa mtoto uji kwa chupa. Kwa maana zote mbili, maji yalikuwa yamezidi unga. Sababu ilitoka polepole: mtoto aliwahi kupaliwa na kipande cha kiazi, akageuka rangi, na tangu siku hiyo bibi aliapa hakuna kitu kizito kitakachopita kwenye koo lile. Alikuwa anampenda mjukuu wake kwa uji mwepesi, mara nane kwa siku, bila kuchoka.

Mwingine angehubiri. Mama Gramu aliomba kikombe. Akasema leo sote watatu tutakula anachokula mtoto, uji uleule, hakuna kingine, mpaka jioni. Bibi alicheka akakubali. Saa tano tulikuwa tunapiga soga. Saa saba soga zilipungua. Saa tisa tumbo langu lilikuwa linahutubia, na bibi, ambaye kwa heshima zake hangelalamika mbele ya wageni, aliuliza kwa upole kama uuguzi unaruhusu japo kipande cha mkate. Kisha akamtazama mtoto, machozi yakamtoka. Mama Gramu alimshika bega akamwambia kwamba hakuna aliyemnyima mtoto hapa. Hofu ndiyo iliyokuwa inapika.

Jioni ileile uji mzito ukapikwa, na karanga zilizosagwa laini na kijiko cha mafuta. Yai likapondwa hadi likawa kama krimu. Pilipili akakalishwa wima mapajani, kijiko kidogo, kidogo kidogo, na bibi akafundishwa kusubiri ameze kwanza ndipo aongeze. Tumbo la mtoto, alisema Mama Gramu, ni kama ngumi yake, kwa hiyo mlishe mara tano, na lile titi la mama lisikatizwe.

Mngetamani niseme wiki iliyofuata alipaa. Wapi! Wiki ya kwanza mshale ulibaki palepale, kilo sita na mia moja. Wiki ya pili alipata homa ya mafua, akakataa kila kitu, akashuka hadi kilo sita kamili. Keki ya pili, tuliyokuwa tumeiagiza mapema kwa matumaini, ndipo ilipoliwa, kama chakula cha msiba. Bibi alikuwa ameshaitoa chupa kabatini. Mama Gramu alikwenda kila siku, jua kali au mvua, akakaa pale na bakuli, na ninajua kwamba aliogopa, kwa sababu wiki ile hakumtania mtu hata mmoja. Daktari alimtibu mafua, hamu ikarudi, na siku moja Pilipili alimnyang'anya bibi kijiko akampiga nacho puani.

Wiki ya tatu: kilo sita na mia mbili. Hakuna aliyepumua vizuri mpaka wiki ya nne.

Siku hiyo chumba cha kupimia kilijaa mpaka mlango ukakataa kusukumwa kwa nyonga. Mtu wa maabara alikuja mwenyewe. Mama yake Pilipili aliomba ruhusa kazini, na sentimita yake ya ushonaji bado iko shingoni. Mimi nilikagua sifuri mara nne. Pilipili akatundikwa, akapiga mateke kwa hasira, mshale ukacheza, ukatulia. Kilo sita na gramu mia tano. Kigelegele cha Mama Gramu hakikutoka. Mdomo ulifunguka tu. Tukampigia sisi, tena vibaya, wanaume na wote, mpaka wagonjwa wa meno wakaja kuuliza nani ameolewa.

Alimpa bibi kalamu aweke nukta mwenyewe kwenye kadi. Bibi aliiweka, akambeba mjukuu wake, akaanza kuondoka. Mlangoni akasimama, akambadilisha bega, akamlalamikia mama yake mtoto kwamba njoo umchukue mwanao, ananivunja mgongo, mzito huyu! Mama Gramu aliposikia hivyo aligeukia ukuta akalia, na hakuna aliyemsumbua.

Mama Gramu, asante kwa kila ulichotufundisha, na asante kwa kutukubalia leo keki ya tatu, ambayo hatujaigusa. Chumba tunakitunza. Tunakutakia maisha mema, usingizi wa asubuhi usiokatizwa na kengele, na wajukuu wazito, wazito mpaka uombe msaada.