Walete Wazee Wenu Wapumzike

Nianze na kosa langu, nisije nikawachekesha kwa makosa ya wenzangu nikajificha nyuma yao. Ule ubao wa Langoni niliuandika mimi. Karani wa serikali alinikuta nashona kofia, akaniambia imepatikana nyumba, wazee wa mji watakuwa wakikutana humo kila Alkhamisi, wabarizi, wanywe chai, wacheze bao, na dresa wa hospitali awatazame macho na vifua. Alitaka mtu mwenye hati nzuri. Hati ninayo. Elimu ndiyo chache, nilitoka darasa la nne. Na neno la kuandika lilikuwa hapo hapo mdomoni mwake: kubarizi. Lakini mimi nikaona kubarizi ni neno la kila siku, halistahili rangi ya serikali. Nikatafuta neno la kisomi. Nikaandika kupumzika. Na kwetu, Mungu anisamehe, ukisema fulani amepumzika, watu hukuuliza maziko ni saa ngapi.

Ubao wote ulisema hivi, nami niliurembesha kwa maua pembeni:

NYUMBA YA KUPUMZIKIA WAZEE. KILA ALKHAMISI ASUBUHI. WALETE WAZEE WENU WAPUMZIKE. KILA MMOJA AJE NA SHUKA SAFI. JINA LITAANDIKWA NA ATAPIMWA. HAKUNA MALIPO.

Kijiwe chetu ni benchi moja refu hatua ishirini kutoka ubao huo, mbele ya Abdulghafur muuza kahawa na mdila wake wa shaba. Mahmud tunamwita Redio, kwa kuwa redio hana na habari zote anazo. Husseini seremala ni Msumeno, kwa ile sauti yake. Mimi, Abdulhalim, wamenibandika Mwalimu Nusu. Mwisho wa benchi hukaa Bwanamkuu, mzee mwenye macho yaliyoingia ukungu, anayeishi na bintiye Saadiya. Zamani alikuwa akija baada ya Alasiri, akanywa vikombe viwili akaenda zake. Tangu ubao uwekwe, huja alfajiri na hatoki mpaka aitwe mara tatu. Alkhamisi ya tatu mambo yalikuwa hivi.

— Mwalimu Nusu, alisema Redio, hebu tusomee tena. Mimi miwani nimeiacha nyumbani.

— Miwani huna, alisema Msumeno.

— Ndiyo maana haipo hapa. Soma, Mwalimu.

Nikasoma. Nilisoma taratibu, na astaghfirullah, nilipofika kwenye maua yangu nilipunguza sauti kama msomaji wa maulidi, ili wayaone.

— Mmesikia? alisema Redio. Walete wapumzike. Hakusema waje. Walete. Mtu akiletwa, huyo ameshabebwa.

— Na shuka safi, alisema Msumeno.

— Na shuka safi. Sasa niambie, bwana, wewe ushawahi kwenda kunywa chai kwa watu na shuka?

— Sijapata.

— Basi.

Abdulghafur akamimina. Huyu ni mtu wa maneno machache, na machache hayo huyatia sukari.

— Labda ni ya kulalia, dresa akikutazama kifua, alisema.

Alikuwa amesema kweli tupu. Mimi nilijua. Nikanywa kahawa yangu.

— Abdulghafur, alisema Msumeno, wewe pima kahawa, vipimo vingine niachie mimi. Mtu hupimwa kwa mambo mawili tu, kanzu na kaburi. Kanzu hawakuitaja. Mimi ndiye ninayepewa habari mbao za mwanandani zikitakiwa, na kipimo ninacholetewa ni kimoja, urefu. Hakuna anayeniambia marehemu alikuwa na kifua.

— Wanapima uzito pia, alisema Redio.

— Nani kakuambia?

— Nimesikia. Kuna mizani ndani, ya kupimia nazi za kopra. Na uzito wa mtu wautakia nini kama si mafuta?

Hapo benchi zima likasogea karibu, nami nikasogea. Neno mumiani halikutajwa bado, lakini lilikuwa limeshakaa katikati yetu na kuagiza kikombe.

— Mumiani wataka damu, si mafuta, alisema Msumeno.

— Zamani. Siku hizi ni mafuta. Damu yaharibika njiani.

— Haya, mafuta. Mtazame Bwanamkuu hapo. Mkamue huyo kuanzia leo mpaka Ijumaa, taa ya choo haiwaki.

Tukacheka. Bwanamkuu naye akacheka, maana ni mtu wa mzaha tangu ujana wake.

— Hata chombo cha kunikamulia kingepata hasara, alisema. Kisha akakiweka kikombe chini, akasema: Saadiya yana usiku amefua shuka yangu.

Tukamgeukia sote, naye akaendelea.

— Ameianika, ameikunja, ameiweka mlangoni. Nikamuuliza, mwanangu, shuka ya nini? Asema, baba, kesho twende, mato yako yatatazamwa, utapumzika. Mwanangu wa kumzaa. Asema, utapumzika.

— Ukamjibu nini?

— Nimemwambia sitaki. Amelia. Nimetoka bila kunywa uji. Na chakula chake sasa nakila kwa mashaka, Mwenyezi Mungu anisamehe, mtoto hajanikosea tangu azaliwe.

Ningesema hapo. Lakini Redio akageuka akanitazama na kusema, "Aliyeandika ubao ule ana roho ya jiwe, lakini hati anayo," nami badala ya kusikia roho ya jiwe nikasikia hati. Nikaona raha. Hilo ndilo kosa langu la pili, na ndilo kubwa.

— Mimi nitawaambia kiini chake, alisema Redio, aliyeona mzee ameharibu utamu wa mazungumzo akataka kuurudisha. Si damu wala si mafuta. Ni kuta.

— Kuta gani?

— Mji huu, nani ajuaye ukuta huu ni wa nani, na choo kile kilijengwa kwa ruhusa ya nani, na shamba la Kililana lilikatwa wapi? Wazee. Hawana karatasi, wanazo kichwani. Sasa wapumzishe wazee wote, Alkhamisi moja moja, mwisho wa mwaka mji mzima hauna mwenyewe.

Msumeno akakuna kichwa. Ilikuwa nadharia nzuri, lazima nikiri. Hata mimi niliyeandika ubao kwa mkono wangu niliiamini kwa muda wa kikombe kizima.

— Na wanawake? aliuliza Abdulghafur. Wanawake wazee nao wana chumba humo. Nimemwona Bi Alawiya mpishi akiingiza sufuria.

— Sufuria kubwa? aliuliza Msumeno.

— Kubwa.

— Basi yamekwisha, alisema Msumeno. Redio, mafuta yako yamerudi.

Wakati huo ndipo alipotokea mzee mgeni, amevaa kikoi na fulana, mguu una vumbi la pwani, na begani ana shuka. Shuka nyeupe, safi, imekunjwa mara nne. Akatusalimu, tukaitikia salamu yake huku tunaitazama shuka.

— Mimi ni Jeilani, natoka Mkokoni. Nimelala ndiani kwa ajili ya mahali hapa. Nyumba ya wazee kupumzika ni wapi?

Redio akamwekea nafasi kwenye benchi, na alimshika mkono kama anavyoshikwa mfiwa.

— Kaa kwanza, mzee. Umewaaga watu wa nyumbani?

— Nimewaaga.

— Wote?

— Mke na wajukuu. Mbuzi sikuwaaga.

— Na wajua unakokwenda?

— Naenda kupumzika.

— Asema kwa mdomo wake, alinong'ona Msumeno.

Wakamwelezea. Wakaanza na mbao za mwanandani, wakaenda kwenye mizani, wakapitia mafuta, wakazunguka na kuta, wakamalizia na sufuria ya Bi Alawiya. Mzee Jeilani alisikiliza yote, mkono sikioni, kichwa kikikubali kama mtu anayeelekezwa njia. Walipomaliza, alinywa kahawa yake polepole, akakiweka kikombe chini.

— Nimefahamu. Sasa niambieni jambo moya tu. Hii ni Alkhamisi ya tatu. Nyote mwakaa hapa, hatua ishirini. Ni nani kati yenu aliyeingia?

Redio akamtazama Msumeno. Msumeno akaangalia viatu vyake. Abdulghafur akautikisa mdila, na ulikuwa mtupu. Bwanamkuu aligeuza uso wake huku na huku, akingoja sauti ya mtu yeyote.

— Hakuna, alisema mzee Jeilani, bila ubaya. Akachukua shuka yake, akavuka, akaingia.

Tulikaa. Msumeno alihesabu kwa vidole, sijui alihesabu nini, labda futi.

Karibu na adhuhuri mlango ukafunguliwa. Mzee Jeilani alitoka kwa miguu yake, jicho moja limetiwa dawa linachuruzika, mkononi ana mahamri mawili kwenye karatasi.

— Umetoka, alisema Bwanamkuu, aliyemtambua kwa mwendo.

— Nimetoka. Nimemfunga bao mtu wa Pate mara mbili. Dresa ametazama mato, asema hili litafunguka nikija Alkhamisi nne. Shuka ni ya kulalia ukitazamwa kifua. Mizani ni ya mtu, si ya kopra. Sufuria ni ya uji, na uji una iliki.

— Wamekuambia urudi?

— Alkhamisi ijayo.

Bwanamkuu akatikisa kichwa kwa huzuni.

— Mbuzi wa Idi naye hulishwa vizuri kwanza, ndugu yangu.

Hapo sikustahimili. Nikasimama mbele ya benchi zima nikasema: ubao niliuandika mimi, neno nililikosea mimi, kwa kujionyesha, karani aliniambia kubarizi. Nikaapa. Nilitegemea wanilaani, na laana ningeipokea. Badala yake walicheka.

— Wewe? alisema Msumeno. Wewe ndiye uliyeniandikia barua ya posa ukasahau jina la mwanamke. Maua yale yote uyajulie wapi?

— Mwacheni, alisema Redio. Tangu zamani ana uchu wa kusifiwa hati.

Na hilo la mwisho lilikuwa kweli.

Bwanamkuu hakucheka. Alinyoosha mkono akapapasa mpaka akanipata kwenye kanzu.

— Abdulhalim, babako alikuwa rafiki yangu. Na wewe pia wanitaka nipumzike?

Siku ya pili, baada ya sala ya Ijumaa, nilikwenda na kopo la rangi. Karani alinipa ruhusa, na maneno mengine ambayo sitayaandika. Nikalifuta lile neno lote. Sasa ubao unasema: NYUMBA YA KUBARIZIA WAZEE. WALETENI WABARIZI. Maua nimeyafuta pia, kwa tauba. Redio ameshaingia mara mbili, na anasema ni yeye aliyewaambia watu tangu mwanzo. Msumeno ametengeneza benchi la humo ndani.

Lakini Bwanamkuu hasomi. Hata angekuwa msomaji, mato yake hayafiki ubaoni. Nimemsomea mimi, akasema nasoma kilicho moyoni mwangu. Ameambiwa na Redio na Msumeno, akawauliza, mliniambia vingine wiki tatu, siku gani mlikuwa wakweli? Bintiye hathubutu tena kulitaja jambo hilo, shuka imerudi sandukuni, na dresa alishamwambia Saadiya kwamba ukungu ule ukikaa mpaka msimu ujao hautatoka. Sauti zote za kijiwe chetu mzee anazijua, na zote zimeharibika masikioni mwake, yangu ikiwa ya kwanza.

Yako haijui. Kwa hiyo ninakuomba, wewe uliyesikia haya: ukipita Langoni Alkhamisi yoyote asubuhi, utamwona mwisho wa benchi, peke yake, amevaa kofia ya kijani niliyomshonea mimi. Msalimu. Simama chini ya ubao, umsomee kwa sauti kilichoandikwa, neno kwa neno, usiongeze lako. Usimwambie ni mimi niliyekutuma. Kisha mshike mkono mvuke, ni hatua ishirini tu.