Rafiki Yangu Alisema "Nje"

Akina mama wa Tala, nipeni masikio. Sitamtaja mtu. Anajijua, na pengine ameketi hapa kati yetu.

Mume wangu alipozikwa, mimi nami nilijizika kitandani. Mapazia yalifungwa, jembe likashika kutu. Rafiki yangu wa kwaya ndiye aliyenitoa. Alisimama mlangoni akafoka, "Mwana wa mwaitu, dada yangu, utaoza humo! Vaa raba twende."

Akanipeleka uwanja wa kanisa kwenye pikoboli, ule mchezo wa kupiga mpira wenye matundu kwa kibao, juu ya wavu. Mwalimu alitusimulia ulivyoanza: familia fulani kisiwani Marekani ilitaka kucheza mpira wa vinyoya, vifaa havikuonekana, wakachukua vibao vya tenisi ya meza na mpira wa plastiki, wakacheza hivyo hivyo. Nikaupenda papo hapo. Mchezo uliozaliwa kwa kukosa ulinifaa mimi niliyekosa.

Tulicheza pamoja, yeye kushoto, mimi kulia. Mashindano yalipotangazwa mjini Machakos, tukashona sare za kitenge kimoja.

Ndugu zangu, nawaambia, asubuhi ile nilimkuta uwanjani na msichana mgeni, naye amevaa kitenge kile kile. Yaani walikuwa wameshona kimya kimya!

"Usinikasirikie," akasema bila kunitazama. "Miguu yako imekuwa mizito. Mimi nataka kushinda."

Nikageuka. Nilijua narudi wapi: kitandani. Langoni mama mmoja wa Kithimani akanishika mkono.

"Wee, sare nzuri hivyo unaipeleka wapi? Mwenzangu amebaki kunyunyizia maharagwe yake. Kuja tucheze."

Tukapangwa kucheza na nani? Na hao hao wawili! Chekeni, chekeni tu.

Mashindano yetu hayana refa. Mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye unayesema ni ndani au nje. Nikapiga mpira wa mwisho, ukagusa mstari, chokaa ikaruka. Rafiki yangu akanitazama machoni, mara ya kwanza siku hiyo, akasema, "Nje."

Sare iliniuma. Neno lile liliniua.

Yule msichana akashusha kibao. "Hapana, mama. Ulikuwa ndani. Nimeona chokaa."

Na kanuni ni hiyo: wenzi wasipokubaliana, mpira ni wa ndani. Tukashinda. Mechi iliyofuata tulipigwa vibaya, lakini nilikwenda nyumbani nikafungua mapazia.

Asante, mama wa Kithimani. Asante, binti uliyesema kweli ukiwa upande wa pili. Wenzangu, ukiachwa, usikimbilie nyumbani. Angaza macho, kuna mwingine aliyeachwa.

Nawe uliyenitoa kitandani, kwa hilo nakushukuru mbele ya hawa wote. Kwa lile lingine bado sijakusamehe, nisidanganye kanisani. Jumamosi nitakuwa uwanjani. Njoo. Simama ng'ambo ya wavu, tucheze.