Maneno ya Getini

Saa tatu asubuhi, mlinzi wa ghala la saruji alikuwa ametoka zamu na bado hajalala. Kijiweni walimwita Kufuli, maana mdomo wake haukufunguka ovyo. Juzi lori la ghala liliangusha ukuta wa jirani, dereva akasimamishwa kazi, na sasa ofisi ilimtaka Kufuli, shahidi pekee, aandike kwa Kiingereza yaliyosemwa getini. Fomu ilitaka usemi wa taarifa: asinukuu maneno, aeleze tu nani alisema nini. Mwisho saa nne. Akaketi benchini, daftari pajani, kahawa ikipoa, ameapa hanyanyuki mpaka amalize.

— Dereva alisema, "Breki hazishiki, sitoki leo." Haya Kamusi, nigeuzie.

Kamusi, fundi viatu mwenye maneno yote isipokuwa la kunyamazia, akaweka sindano chini.

— Rahisi, kaka. "Leo" inakuwa "siku ile". "Mimi" inakuwa "yeye". Na kila kitendo kinarudi nyuma hatua moja.

— Kinarudi wapi? akadakia Kinyozi, aliyekuwa akinywa kahawa kando yao.

— Kwenye jana yake.

— Ndiyo maana Waingereza hawapigani! Tusi likishasimuliwa, ni la yeye, kule, siku ile. Sasa utampiga nani?

— Hata mahakama zao hazina kesi, Kamusi akakoleza. — Kosa likifika kwa hakimu limesharudi nyuma mpaka halijatendeka.

— Jamani, mimi naandika! Kufuli akafoka. — Msimamizi akamjibu, "Toa gari, au acha funguo uende zako."

— Hiyo amri. Kwenye taarifa amri hulainishwa. Andika, "alimwomba atoe gari".

— Aliomba? Yule alipiga ngumi boneti!

— Ngumi haina Kiingereza, ndugu yangu. Halafu zamu zako anapanga nani?

Hapo Kufuli akainamia daftari. Akaandika ombi.

Wino haujakauka, mke wa dereva akafika, jasho usoni, kaambiwa shahidi yuko hapa.

— Shikamooni. Shemeji, nisomee ulichomwandikia mwenzio.

Kufuli akamsomea kwa Kiswahili, polepole, mpaka mwisho. Mama yule hakulia wala hakupaza sauti.

— Kama aliombwa tu, shemeji, kwa nini hakuendelea kukataa?

Kinyozi akachungulia kikombe kitupu. Kamusi akaokota kiatu, akakigeuza, akakigeuza tena.

Kufuli akaichana karatasi, akafungua ukurasa mpya.

— Kamusi, "kuamuru" wanaandikaje?

— Utafukuzwa, kaka.

— Nimeuliza wanaandikaje.

Kamusi akamtajia, herufi moja moja, na Kufuli akaandika akikandamiza kalamu, mpaka ukurasa wa chini nao ukapata alama.