Kompyuta Moja Ambayo Fundi Chomoa Hakuisogeza

Ijumaa, tarehe 30 Juni, Fundi Chomoa anarudisha funguo za chumba cha mitambo baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi katika hospitali hii. Aliajiriwa akiwa fundi wa taa na feni, kijana wa miaka ishirini na minane mwenye begi moja la bisibisi. Anaondoka akiwa na miaka sitini, na hakuna kompyuta inayowaka katika jengo hili ambayo haijapita mikononi mwake. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, karani wa masijala, niandike wasifu wake katika jarida la hospitali, tena niuandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi. Ila kuna jambo nililomtendea mwaka huu ambalo yeye mwenyewe halijui, nalo nimeamua liwemo humu.

Jina la Chomoa hakupewa na wazazi wake. Waifai ilipoletwa hapa miaka kumi iliyopita, kila aliyepiga simu kulalamika kwamba mtandao unakatika alipewa jibu moja: chomoa ruta, hesabu mpaka thelathini, chomeka. Wauguzi walikuwa wakihesabu kwa sauti, wodi nzima ikisikia, na wagonjwa wengine wakiwasaidia. Mara saba kati ya kumi mtandao ulirudi, na jina likaganda.

Mara tatu zilizobaki ndizo zilizomtoa jasho, na nadhani ndizo alizozipenda. Akifika hagusi kompyuta. Anatoa simu yake ya mkononi, anasimama palepale mezani pako, anafungua ukurasa. Simu ikienda vizuri na kompyuta ikizubaa, basi usiusingizie mtandao, kosa liko kwenye kompyuta yako. Kisha anauliza: imeanza lini, na ni kitu gani kilisogezwa humu ndani? Sote tuliapa kwamba hakuna kilichosogezwa. Karibu kila mara kilikuwepo.

Watu wa dirisha la dawa hawataisahau wiki ya samaki. Mfadhili mmoja alituletea tangi kubwa la samaki wa mapambo, likawekwa kwenye ukumbi wa kusubiria, na tangu siku hiyo kompyuta ya dawa ikawa inafungua orodha kwa mwendo wa kobe. Fundi alilizunguka tangi mara mbili, akatangaza kwamba samaki wanakunywa mtandao. Daktari Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Tangi likahamishiwa ukuta wa pili, kompyuta ikapona siku hiyo hiyo, na Fundi akatueleza kwa utulivu kwamba mawimbi ya waifai hayapatani na maji mengi wala na chuma. Muuguzi Mkuu, ambaye alikuwa ameifungia ruta ya wodi yake ndani ya droo ya chuma isiibiwe, aliondoka taratibu kwenda kuitoa.

Mwaka ule radi ilipopiga na kuunguza vifaa vya ghorofa ya kwanza, alizirudisha kazini mashine kumi na nne kwa siku mbili. Alipewa cheti. Hakukitundika popote, alisema ukuta wake umejaa waya.

Huwezi kumwandika huyu bwana ukamwacha mkewe. Mama Miadi, kama tulivyomwita sote, alikuwa mwenzangu wa masijala. Yeye ndiye aliyekaa dirishani akiwapangia wagonjwa siku zao za kumwona daktari. Aliniambia mwenyewe kwamba mwezi wake wa kwanza kazini alimwita Fundi mara kumi na moja, kila mara waya wa kompyuta ukiwa umechomoka, na kwamba aliyekuwa akiuchomoa ni yeye. Fundi aliujua mchezo huo mapema, akaendelea kuja na kuandika kwenye taarifa zake kwamba waya umelegea. Mwaka uliofuata walioana, baadaye wakapata binti mmoja. Mimi nilipoajiriwa, Mama Miadi alinichukua kama mdogo wake wa tumbo moja, na ndiyo maana mpaka leo Fundi ananiita shemeji.

Miaka miwili ya mwisho ya Mama Miadi mguu wake wa kushoto ulikuwa unamvimba. Akajitafutia kigoda cha kuuegemeza, akakiweka chini ya meza. Boksi la kompyuta lililokuwa linambania nafasi akalisukuma ndani kabisa, kati ya kabati la chuma na ukuta. Fundi alimlalamikia, kwa sababu antena za waifai ziko mgongoni mwa boksi na pale hazisikii kitu. Akajibiwa kwamba mguu wa mkewe na antena achague kimoja. Basi kila asubuhi akawa anapita kupiga magoti na kulivuta boksi nje kidogo, na kila jioni lilikuwa limesharudi lilikokuwa. Hawakuwahi kugombana kwa hilo mbele yangu.

Septemba mwaka jana, siku ya Ijumaa, Mama Miadi alifunga dirisha akiwa amekwisha kuwapangia watu wiki nzima. Jumapili akafariki. Hapo sina maneno ya kupamba. Nilimlilia, na bado namlilia.

Januari tukaletewa karani mpya, binti mchapakazi, akapewa meza ile ile. Kigoda kilikuwa bado chini yake kwa sababu hakuna aliyethubutu kukiondoa. Mtandao ukaanza vituko. Orodha ya miadi inafunguka nusu, inaganda, waifai inapotea, inarudi, inapotea tena. Foleni ikawa inatoka nje ya mlango. Mzee mmoja mgonjwa wa macho alirudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu jina lake halikuonekana kwenye kioo, na mara ya pili alilia pale dirishani.

Fundi alikuja karibu kila siku. Aliifuta waifai kwenye kompyuta, akaiunganisha upya kwa nenosiri jipya. Akaweka toleo jipya la programu inayoendesha kifaa cha waifai. Akazima mpangilio wa kubana umeme, ule unaokilaza kifaa hicho kazi ikiwa katikati. Akabadilisha njia ya mawimbi kwenye ruta. Kompyuta ilienda saa moja, ikarudia yale yale. Katika siku zote hizo hakupiga magoti, wala hakumuuliza mtu kama kuna kitu kilisogezwa. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale, na akili haikunipa.

Mwezi wa tatu uvumilivu ukaniishia. Ningeweza kumwita pembeni nikamuuliza, shemeji, una nini siku hizi? Sikufanya hivyo. Niliandika barua isiyo na jina, nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni. Naikumbuka yote, kwa kuwa ilikuwa fupi: "Fundi wetu umri umemshinda. Kwa nini wagonjwa wateseke mpaka Juni?"

Katibu wa hospitali alimwonyesha Fundi barua hiyo, akamtaka ajieleze kwa maandishi. Majibu yake yalipitia masijala kama barua nyingine zote, yakafika mkononi mwangu niyaweke kwenye faili. Aliandika hivi:

"Kosa nalijua tangu siku ya kwanza. Boksi limebanwa kati ya kabati la chuma na ukuta. Alilisukuma huko marehemu mke wangu ili apate pa kuweka mguu. Likitoka hapo, mtandao utatulia. Nimekwenda mara nyingi kulitoa, nimeshindwa. Naomba atumwe mtu mwingine, na wagonjwa nawaomba radhi."

Niliyasoma nimesimama, nikayasoma tena nimekaa. Katibu alinituma mimi, kwa sababu chumba ni changu. Nilikitoa kigoda, nikakifuta vumbi. Nililivuta boksi, nikaliweka juu ya meza, antena zikitazama mlangoni. Haikuchukua dakika kumi. Alama ya waifai ikajaa, orodha nzima ya miadi ikafunguka kwa mkupuo, na binti yule akapiga kofi moja la furaha kabla ya kujizuia.

Fundi alikuwa amesimama ukumbini, nje ya mlango. Akaingia, akaangalia kioo, akamwambia binti aendelee na kazi, kwamba amemsubirisha vya kutosha. Kisha akanigeukia, akakichukua kigoda mikononi mwangu. "Ahsante, shemeji," akasema. "Nilimwomba Mungu wakutume wewe. Sikutaka mtu asiyempenda avishike vitu vyake." Mimi nikamjibu, "Usijali." Hilo ndilo neno nililolipata siku ile.

Tangu Machi mpaka leo tumekunywa chai pamoja kila siku saa nne, na kila siku nimefungua kinywa nikazungumzia mambo mengine. Mhariri wa jarida hili alinishauri niyaondoe haya, niishie kwenye samaki. Nimekataa. Nisiposema Fundi akiwa bado kazini kwetu, nitakuwa nimemwachia aondoke akidhani aliyeandika barua ile ni mtu asiyemjua.

Fundi, ni mimi niliyeiandika. Umri haukukushinda. Ulikuwa na msiba, na mimi niliyekuwa karibu nawe kuliko wote nilikuhukumu kwa kasi ya kompyuta.

Hospitali nzima inakushukuru kwa miaka thelathini na miwili, na kila wodi inakuombea afya, siku nyingi na usingizi mzuri huko nyumbani kwa binti yako. Nami nakuombea hayo hayo. Siku ya sherehe nitakaa safu ya mwisho, karibu na mlango utakaopitia ukitoka. Ukitaka kuniuliza lolote, niulize. Na ukiona ni afadhali upite bila kunisalimu, pita tu, shemeji. Nitasimama hata hivyo.