Dkt. Tharsisi Nduwayezu, Mfunga Vimbunga (1981–2025)

Tharsisi alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 Murungu, wilayani Kibondo, mtoto wa nne wa Mama Josepha na marehemu Pasikali, mkulima aliyetoka Burundi mwaka 1972.

Alisoma shule ya msingi Murungu, sekondari Kasulu, kisha fizikia Dar es Salaam. Shahada ya uzamivu aliipata Ujerumani mwaka 2012, akarudi na kofia ya sufu aliyoivaa hata Kigoma mjini, jua la saa saba.

Alifundisha chuo kikuu, akichunguza madini yenye matabaka ambayo, yakipozwa mno, hupitisha umeme bila kuupunguza. Ndani yake huzuka vimbunga vidogo vya sumaku. Vikitangatanga, umeme hupotea. Yeye alitafuta namna ya kuvituliza.

Kazi hiyo nusura imkoseshe mke. Mwaka 2013 alikwenda Makere kumposa Mwalimu Asnath. Mshenga wake, baba mdogo Didas, akajigamba: “Kijana wetu anafunga vimbunga!”

Mzee Bazilio, baba wa Asnath na mzee wa kanisa, akaweka kikombe chini. Kwa Waha, anayefunga mvua ya mawe ni mteko, mtu wa mizimu.

“Mteko simpi binti.”

Tharsisi akaomba chapati sita, akazipanga. “Mzee, kila tabaka lina kimbunga chake, bapa hivi. Vikiteleza, hasara.” Akazichoma zote kwa kijiti kimoja. “Mimi natoboa tundu, vinase humo, vitulie.”

“Baba,” Asnath akasema mlangoni, “mteko gani anatoboa chapati?”

“Na mvua ya mawe?”

“Hiyo siiwezi, mzee.”

“Ala! Na maharage yangu yalivyopigwa juzi! Haya, mchukue hivyo hivyo.”

Walifunga ndoa tarehe 5 Julai 2014, wakajaliwa Vestina na Isack.

Mwaka 2024 figo zilimwangusha. Kwa mila mkwe husimama mbali, lakini Mzee Bazilio, ambaye hakuwahi kuvuka Tabora, alipanda basi hadi hospitali alikotibiwa Dar es Salaam, akakaa miezi saba akimwogesha. Muuguzi alimuuliza, “Mzee, huyu ni nani wako?” Akajibu, “Wewe unaonaje? Nani anaoga kwa kelele hivi kama si mwanangu?” Tharsisi alicheka hadi akakohoa.

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2025.

Ameacha mjane, Asnath, watoto wawili, mama yake, Josepha, ndugu watatu, na Mzee Bazilio, ambaye kwa ombi lake mwenyewe ameandikwa hapa kama baba, si mkwe.

Mungu ampe pumziko tulivu.